Kicheko cha Mzee Margwe

Alhamisi moja jioni, mwaka 1975, watu wa kijiji kipya huko Daudi walikaa nje ya nyumba ya Mwalimu Bernadina wakisikiliza kichekesho kwenye redio yake. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekitunga. Mhusika wake, Mzee Kichwangumu, alikuwa baba yake mtupu: kofia ileile, ubishi uleule. Baba huyo, Mzee Margwe, alilijua hilo, na miaka yote alicheka kuliko wenzake. Siku hiyo alifungua mdomo, mabega yakatikisika, na hakikutoka kitu.

"Kicheko changu kimebaki kule juu," alisema.

Majirani walielewa. Nyumba yake ya zamani ilichimbwa ubavuni mwa mlima, paa lake la udongo likiwa sawa na ardhi, mbuzi wakipita juu yake. Kwa akina Margwe, anayehama hubeba mafiga kwanza, vyombo baadaye. Lakini mgambo walipokuja kuwahamishia watu kijijini walimwachia achukue blanketi tu, kisha wakabomoa paa na mafiga yakafukiwa. Kicheko kilikuwa kimezoea kukaa pale motoni. Waliokwenda kutafuta kuni walikisikia kikicheka chini kwa chini.

Hata redioni mambo yalikuwa yamegeuzwa. Bernadina aliandika Kichwangumu akimuuliza mgambo: "Shamba langu liko huku, kwa nini nikalale kule?" Wakubwa wa kipindi waliyakata maneno hayo, wakaweka yao, na Kichwangumu akawa mjinga anayeogopa nyumba yenye madirisha. Jina la mtunzi likasomwa: Didas, afisa utamaduni. Bernadina alikasirika hata chaki ikamvunjikia mkononi, lakini kwanza alitaka baba yake arudishiwe kicheko.

Kurudi kwenye mahame kulikatazwa, kwa hiyo alikwenda kwa Didas kuomba ruhusa. Hapo ndipo alipokosea: alieleza sababu.

"Kicheko halisi cha mkulima?" aliuliza Didas. "Mwalimu, tunachotumia kwenye kipindi ni cha makarani wawili, na mmoja ana kikohozi. Twende wote Jumamosi."

Alikuja na Landrover, fundi mitambo na kinasa sauti. Alimpa Mzee Margwe shikamoo kwa adabu zote, naye akaitikia marahaba. Kule juu fundi aliteremsha maikrofoni ndani ya shimo la nyumba kwa kamba ya mbuzi. Bernadina alifukua udongo mpaka mafiga yakaonekana. Kicheko kilikuwa kimenyamaza. Kiliona wageni.

"Mama, kisimulie ile ya karani," alisema baba yake. "Kitatoka."

Bernadina alipiga magoti akasimulia. Enzi za mkoloni karani wa kodi aliingia mle ndani, akauliza mzee ana mbuzi wangapi. "Mbuzi hata mmoja sina," alijibu Margwe, na papo hapo mbuzi akatoboa paa na kumwangukia karani mapajani.

Kicheko kilitoka chote, kinene, na kikohozi kidogo cha ugoro mwishoni. Mzee Margwe alikuwa amekifungulia mdomo. Kikampita, kikaingia kwenye maikrofoni, na fundi akazima mashine.

"Kimeingia," alisema fundi.

"Baba, umekipata?"

"Sijakipata."

Bernadina aliwasihi wakitoe. Didas alishafunga mlango wa gari.

"Mwalimu, kicheko cha mwananchi ni mali ya taifa," alisema dirishani.

Ni wizi huo, hauna jina jingine. Mtu amebomolewa nyumba, amekatwa maneno, sasa ananyang'anywa hata kicheko, na anayemnyang'anya ameanza kwa shikamoo. Gari liliondoka. Mafiga matatu waliyateremsha wenyewe, baba na binti, yakiwa baridi.

Alhamisi iliyofuata mgambo wa redioni walibomoa paa la Kichwangumu, na kicheko cha Mzee Margwe kikapasuka, kinene, na ugoro wake mwishoni. Nchi nzima ilikisikia. Majirani hawakugeuka kumtazama mzee. Ingekuwa kumkosea adabu.

"Hapo si pa kucheka," Mzee Margwe alikiambia.

Hakikusikia. Kilicheka tena mgambo walipomwaga maziwa ya Kichwangumu, na tena alipolia.

Bernadina aliendelea kutunga. Kila wiki aliingiza mbuzi na karani, ili kicheko kipate mahali pake, na kila wiki mbuzi aliondolewa. Paa liliendelea kubomolewa. Didas alipandishwa cheo.

Mafiga yalibaki uani. Mzee alikataa yawashiwe moto kabla kicheko hakijarudi. Lakini hakukosa kipindi hata kimoja. Betri zilipoanza kuisha, kicheko kilivutika, kikawa kizito, kikatoka kwa vipande.

"Kimechoka," alisema. "Wanakifanyisha kazi sana."

Dukani betri hazikuwepo. Basi kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Bernadina alizitoa zile kuukuu akazianika juani, juu ya mafiga, ili jioni baba yake akisikie.