Lifti Iliyongoja Kuitikiwa

Mama mkwe alikuwa ameshaaga. Alikuwa ameaga sebule, ameaga jiko, ameaga hata ile pasi iliyomuunguzia kitenge, na sasa alikuwa ndani ya lifti na sanduku lake, anashuka kutoka ghorofa ya juu kwenda kuolewa. Ndiyo, kuolewa, na wajukuu anao. Mchumba wake alikuwa fundi saa, mgane wa mji wa pili, mtu asiyevumilia kuchelewa hata kwa kikohozi. Alikuwa ametuma neno moja tu: atamngoja kituoni basi la mchana litakapofika. Mama asiposhuka katika basi hilo, ataelewa kwamba ameghairi, atarudi kwenye kazi yake, na hakuna kesi.

Mkwe wa kiume alishuka kwa ngazi, maana sanduku lilikuwa limeijaza lifti. Watu wa jengo walimwita Nyaya, kwa sababu mifuko yake haikukosa waya. Alikuwa amefika ghorofa ya tano pale mchomelea vyuma wa chini alipowasha mashine yake. Taa za jengo zima zikafumba jicho, zikafumbua, na lifti ikakwama ndani ya ukuta.

"Nyaya," sauti ya mama ikasikika kutoka ndani, tulivu, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua atamlaumu nani. "Lifti hii si ndiyo yako?"

Ilikuwa yake, yake na shemeji yake, mtoto wa mama huyohuyo. Wenye jengo waliwapa wawili hao kazi ya kuiandikia lifti akili mpya. Shemeji akaandika kiini kidogo, programu ya chini kabisa inayoshika breki, mota na saa, bahili asiyempa mtu kitu bila kuombwa. Juu yake Nyaya akampandisha Linux, programu kuu ya kuendesha kompyuta. Kwa kawaida Linux ndiye sultani wa mashine nzima. Hapa alikuwa mpangaji: akitaka kumbukumbu apige hodi, akitaka saa apige hodi. Lakini ni yeye aliyejua ghorofa na milango, na asipoamka, kiini kidogo kinabana breki na kutulia. Ule mkono wa chuma wa kuizungushia lifti kwa nguvu za watu walikuwa wameung'oa wenyewe, kwa kuwa shemeji alisema kitu chake hakianguki.

Na kweli hakikuanguka. Umeme ulipofumba jicho, kiini kidogo kiliamka papo hapo. Aliyelala ni Linux.

Kulikuwa na jambo jingine. Nyaya na shemeji walikuwa hawasemezani tangu posa ilipoingia nyumbani. Shemeji alitaka mama yake abaki palepale, amwone kila akirudi kazini. Nyaya akasema mtu mzima aachwe achague. Tangu siku ile kila neno baina yao lilipitia kwa mke wa Nyaya, dada yake shemeji, aliyepanda na kushuka ngazi kama ndoo ya kisimani. Leo shemeji alikuwa amejifungia chumbani kwake ghorofa ya pili, asije akaaga.

Nyaya akakaa kwenye ngazi, akafungua kompyuta, akachomeka waya kwenye kisanduku cha lifti ukutani. Skrini ikamwambia kwamba kiini kidogo kimeamka, kimegawa kumbukumbu, kimemwita Linux. Baada ya hapo kimya, kama duka lililofungwa.

Alidhani mpangaji amepewa chumba kidogo, akamwongezea kumbukumbu, akawasha upya. Kule ndani taa ilizimika na mama akakohoa gizani kwa makusudi. Kimya tena. Akamtuma mkewe kwa shemeji aulize kama kiini kina hitilafu. Mke akarudi na jibu.

"Anasema chake kizima. Anayekoroma ni wako."

Nyaya akakuna kichwa. Ikamjia kwamba labda Linux anasema ila hana mdomo, kwani skrini nayo ni mali ya kiini kidogo, na hakuna aliyemwombea ruhusa ya kuandika. Akamwombea. Safari hii mistari ikamwagika kama maharage gunia likipasuka, kisha ikasimama pale Linux anapojipima mbio zake. Kipimo chenyewe ni rahisi: saa inagonga, anaanza kuhesabu, saa inagonga tena, anaacha. Mlio wa kwanza aliusikia. Wa pili haukuja. Basi akawa anahesabu tu, mtiifu, hana habari kwamba kuna mama kabanwa na sanduku.

Mke akatumwa kuuliza kama saa imekufa. Jibu likaja kwamba saa ni nzima, imegonga mara moja, vizuri sana. Akatumwa tena aulize mbona mara moja. Hapo mke akakaa, akavua viatu, akavipanga ubavuni pake.

"Mimi niliolewa, sikuajiriwa. Mwenye swali ana miguu."

Nyaya akashuka, akabisha. Shemeji akafungua na kumtazama Nyaya begani, si usoni. Nyaya akamwambia mama amekwama na basi halingoji mtu. Shemeji akachukua kompyuta yake, akapanda, akapita mbele ya mlango wa lifti akiwa ameugeuzia kisogo, akasoma skrini.

"Saa yangu ikigonga hungoja kuitikiwa," akasema hatimaye. "Ukimwamkia mtu asiitike, utamwamkia tena?"

"Linux wa zamani alikuwa anaitika."

"Wa zamani. Huyu je?"

Huyu alikuwa mpya, amemtia jana, kwa siri na kwa mapenzi, ila alisahau kuiwasha lifti upya, hivyo wa zamani ndiye aliyeiendesha mpaka umeme ulipofumba jicho. Alitaka lifti ikifika chini iseme, kwa sauti yake mwenyewe Nyaya, "Safari njema, mama, usitusahau." Sauti ilihitaji nafasi, naye akapunguza mistari aliyoiona haina kazi. Mmoja ulikuwa unakiambia kiini kidogo, kila saa ikigonga: nimepokea.

"Niliona ni adabu tu," akasema.

"Ni adabu tu," shemeji akakubali. "Ndiyo inayoshikilia lifti."

Kumjenga Linux upya kungewapeleka jioni. Njia iliyobaki ilikuwa ya kijinga: mtu aitike badala yake, kwa mkono, mlio mmoja baada ya mwingine. Na shemeji, kwa ubahili wake wa ruhusa, alikuwa ameandika kwamba jibu la mkono litapokewa kwa alama ya kidole chake yeye peke yake.

Akakaa. Akagusa. Skrini ikaandika "nimepokea". Linux, aliyekuwa amehesabu muda wote huo, akatangaza kwamba mashine hii ina mbio kuliko zote duniani, akaamka kwa furaha. Akagusa tena, na lifti ikashuka upana wa kidole.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Mimi, mama. Ninakushusha."

"Mbona kama unanipima?"

"Kidole ni kimoja."

Akagusa na kugusa. Majirani wakajaa kwenye ngazi, mmoja akashauri atumie ulimi, akanyamazishwa. Sauti ya mama ikawa inazama chini, inawalalamikia wote kwa zamu. Ilipofika mbali kidogo, kidole kikasimama hewani.

"Nikiendelea anaondoka," shemeji akasema.

Nyaya alimtazama. "Na ukiacha, unaye. Hapo hapo, kati ya ukuta na ukuta. Ndipo ulipotaka akae?"

Shemeji akakitazama kidole chake.

"Naona leo mnasemezana," mama akaita kutoka chini. "Jambo zuri. Lakini mimi nina mtu ananingoja, mwanangu. Na wewe nakupenda. Vyote viwili vinaenda pamoja, hakuna kimoja kinachomzuia mwenzake."

Dada mtu akashika bega la kaka yake. Kidole kikarudi. Nimepokea, ikaandika skrini, nimepokea, nimepokea, mpaka ngozi ikawa nyekundu na mlango wa chini ukafunguka.

Basi la mchana lilikuwa limekwenda. Mama alipanda lililofuata. Fundi saa alikuwa amengoja kituoni, hakuona mtu, akarudi kazini. Mama alimkuta amefungua saa ya mteja, akakaa kwenye benchi mpaka alipoifunga. Fundi akamwambia amechelewa. Mama akasema anajua. Walioana mwezi uleule. Shemeji kidole chake kilipoteza alama kwa muda, akashindwa kufungua kompyuta yake mwenyewe. Siku hizi humtembelea mama yake, hurudi siku hiyohiyo. Mke wa Nyaya habebi tena ujumbe wa mtu. Nyaya aliurudisha mstari na kuifuta salamu, ambayo hakuna aliyeisikia, maana spika nayo hakuiombea ruhusa. Wenye jengo waliwanyang'anya kazi, wakaleta lifti nyingine yenye mkono wa chuma. Mchomelea vyuma yupo palepale.