Keria ya Merina

Karakana ya Fundi Vitus pale Kibaoni ina sheria moja tu: mwanagenzi akichomelea keria yake ya kwanza ya baiskeli, anaikalia mwenyewe. Anaendeshwa juu ya mashimo yote hadi mashine ya mpunga na kurudi. Keria ikihimili, amepata nafasi ya kujifunza kazi. Ikikatika, ajifute vumbi aende kwao.

Ya Merina ilikatika mbele ya wauza samaki, nao hawakumwonea huruma, walicheka mpaka wakashika mbavu. Kosa lake lilikuwa usafi. Alisaga maungio kwa grenda mpaka yakawa laini, kama mama yake anavyosugua sakafu ya udongo kwa jiwe.

"Binti, huo uvimbe ulioukwangua ndio ulioshika chuma," Fundi Vitus alimwambia. "Chuma hakiolewi, hakihitaji kupendeza. Nakupa nafasi nyingine moja tu, Ijumaa."

Umbea hauna breki. Ulifika hadi bondeni, kwenye zizi la Mzee Masalu, baba yake Merina. Tangu mwanzo Mashimba, rafiki wa mzee huyo, alikuwa akimkejeli kwenye mnada wa ng'ombe kwamba amempoteza binti kwenye masizi. Basi Ijumaa mzee akafika karakana, fimbo mkononi.

Merina alipiga magoti palepale kwenye vumbi la chuma, akiwa na ovaroli yake, kama binti wa Kisukuma anavyomwamkia baba. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kusanya vitu vyako, twende."

Hakuinamisha uso. "Nitakuja, baba. Ila keria yangu mpya ipimwe kwanza."

Mzee Masalu aliiendea baiskeli. Akapitisha kidole kwenye maungio yenye matuta. "Mbona ina makovu?"

"Ndiyo nguvu yake hiyo."

Mzee akampa Fundi Vitus fimbo yake, akapandisha mguu, akakaa juu ya keria mzimamzima, mwili wake wote ule wa kula ugali na maziwa.

"Mzee, anayekaa ni aliyechomelea," alisema Edward, mwanagenzi mkubwa, ambaye ndiye angeendesha.

"Basi aliyechomelea aendeshe. Ng'ombe hapimwi kwa kutazamwa."

Fundi Vitus alicheka mpaka machozi. "Mpeleke baba yako, Merina!"

Akakanyaga pedali. Wauza samaki waliacha kupepea nzi. Bodaboda walisimama kumtazama mzee mzima akipakiwa na binti mwenye ovaroli. Mbele likaja lile shimo kubwa, ambalo halikwepeki, na Merina akakaza meno. Baiskeli ikadumbukia, ikaruka, ikatua kwa kishindo. Alisikiliza. Chuma hakikulia. Alijisikia fahari, na hakuficha, alipiga kigelegele mwenyewe.

Walipofika mashine ya mpunga alianza kugeuza. Mkono mzito ukamshika bega.

"Usigeuze, mwanangu."

"Baba, sheria ni mpaka hapa, kisha kurudi."

"Ya fundi imeishia hapa. Sasa nipeleke mnadani, Mashimba yupo. Na ukifika karibu na watu, endesha polepole."