Machela ya Chole

Babu yangu Mwinyimadi alipoachishwa kazi ya barabara kwa uzee, alibakiwa na swali moja: akiugua, nani atambeba? Kutoka kwetu hadi linapopita lori la kwenda hospitali ya Kisarawe ni mwendo wa asubuhi nzima, na magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake.

Vyama vya kusaidiana vilikuwa viwili, vya vijiji jirani. Cha Chole kilikuwa na machela na watu wa kuibeba. Cha Kurui kilisifika kwa kuzika: jeneza la mninga, kisomo, pilau. Kuingia vyote haikuwezekana, maana mtu hawezi kubeba mgonjwa huku na kuchimba kaburi kule siku moja.

"Chole nawapenda," alisema Babu. "Lakini watakuja kweli, msimu wa kulima?"

Mimi, msomi wa darasa la nane niliyerudi likizo kutoka bweni, nikajiteua mshauri wake. Nikaamua suala hili zito linahitaji uchunguzi. Bila kumwambia, nikaenda Chole, nikavaa uso wa msiba, nikamweleza mkuu wa chama, Mzee Zahoro, kwamba Babu amezidiwa.

Zahoro hakuuliza kama Babu ni mwanachama. Aliacha jembe pale pale shambani, akaita wenzake. Njiani mvua ilikuwa imelainisha korongo. Zahoro akateleza, mguu ukageuka vibaya. Wenzake walitaka kumlaza kwenye machela.

"Ya mgonjwa hiyo," akasema, akaendelea kwa fimbo.

Nilikuwa nyuma yake. Kinywa changu, kisichojua kunyamaza bwenini, siku hiyo kilijua.

Tulimkuta Babu barazani na Bibi Sikudhani, wanakula mihogo. Machela tupu ikawekwa chini. 

"U mzima, Mwinyimadi?" Zahoro akauliza, na bila kungoja jibu akaongeza: "Alhamdulillahi." Kisha akanitazama. "Mjukuu kamtania babu yake. Si haki yake?"

Matusi ningeyajibu. 

Wakamlaza Zahoro kwenye machela ile ile. Babu akashika mti mmoja. Hatua chache tu, magoti yakakataa. Nikaupokea mimi, nikaubeba hadi barabarani linapopita lori, na kila nilipoyumba Zahoro aliguna kidogo, kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi kwa uzito wake.

Niliporudi, Babu alikuwa ameketi tena barazani.

"Nitaingia Kurui," akasema.

"Lakini Babu, Chole walikuja. Umewaona."

"Nimewaona. Nitawaitaje tena, mume mwenzangu? Siku nikiugua kweli, nimtume nani wamsadiki?"

Bibi alikusanya maganda ya mihogo asinitazame. Kwa kawaida Babu akiniita mume mwenzake, humwambia Bibi achague kati yetu. Safari hii hakumwambia.

"Kurui wana machela?" nikauliza.

"Wana jeneza zuri," akajibu Babu.