Nzuri ya Fundi Saa

Kuna watu adabu imewazidi mpaka imekuwa ugonjwa, na ugonjwa huo hakuna hospitali iliyowahi kuutafutia dawa. Baba yake Msusi, yule Fundi Saa, alikuwa mmoja wao. Ungeweza kumkuta kajikunja kitandani, kaung'ata mto, jasho linamchuruzika, ukamuuliza, "Baba, hujambo?" Naye akakujibu, "Sijambo, mama. Sijui wewe?" Sasa hapo ufanyeje? Unasema nawe hujambo, unatoka nje, unaita teksi.

Ndivyo ilivyokuwa siku pingili ya mgongo wake ilipovunjika akiwa ameinama tu kuokota kandambili. Madaktari wakapima, wakapima tena, wakasema ni saratani inayokaa ndani ya uboho wa mifupa, inaila mifupa kutoka ndani mpaka inavunjika kama biskuti. Dawa za kwanza zilimsaidia kwa muda, halafu zikachoka. Za pili hazikufika mbali. Ndipo daktari akawaita, baba na binti, akawaambia bila kuzungukazunguka kwamba kabati lake la dawa limebaki tupu. Kilichobaki ni dawa moja mpya iliyokuwa ikijaribiwa katika hospitali nyingi za nchi nyingi, na yao ikiwemo. "Haijathibitishwa," alisema. "Ndiyo maana ya majaribio. Unaweza kukataa, na hata ukikubali unaweza kutoka siku yoyote."

Fundi Saa alikubali. Na dawa, jamani, ikamkubali! Vipimo vya saratani kwenye damu vikaanza kushuka, mgongo ukatulia, mzee akarudi kwenye meza yake dirishani, lenzi jichoni, saa za watu zimefunguliwa mbele yake. Msusi alilia siku hiyo, akiwa na nywele za mteja mkononi, na mteja naye akalia bila kujua analilia nini.

Kwa hiyo usifikiri Msusi hakuwa na shukrani. Alikuwa nayo tele. Kilichomchosha ni kliniki.

Kila wiki alifunga saluni, akampeleka baba. Kila wiki waliingia chumba kilekile, chenye mizani na jokofu dogo lililofungwa kufuli, wakaketi mbele ya Sista, muuguzi wa utafiti ule, mwanamke mwema ila mwenye haraka utadhani kaacha maziwa jikoni. Sista alikuwa na maswali kwenye kompyuta, na kila swali lilikuwa lazima lijibiwe na mgonjwa mwenyewe kabla hajachomwa sindano.

"Habari za usingizi, mzee?"

"Nzuri."

"Za tumbo?"

"Nzuri."

"Za vidole? Hakuna ganzi, hakuna kuwaka moto?"

"Nzuri tu, tunashukuru."

Ta, ta, ta, Sista anabofya. Msusi anaangalia dari. Mtu kakesha anatapika, Msusi mwenyewe kamshikia beseni, leo habari za tumbo nzuri! Akijaribu kuingilia, baba anamgeukia na lile tabasamu lake la kuwaomba wageni radhi. "Huyu mtoto ana maneno mengi tangu utotoni," anamwambia Sista. Sista anacheka. Tumbo linabaki zuri.

Basi, asubuhi moja ya siku ya kliniki, Msusi alimkuta baba yake mezani amevaa fulana. Fundi Saa na fulana, kwenda hospitali! Mtu aliyekuwa akivaa shati la vifungo hata kwenda kununua mkate.

"Shati liko wapi, baba?"

"Joto, mama."

Nje kulikuwa na manyunyu. Msusi alitazama kitandani, akaona shati limetupwa, kifungo kimoja kimefungwa kwenye tundu lisilo lake na vingine havikuguswa. Akageuka kumtazama tena baba yake, na ndipo alipoona jinsi alivyoshika kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati, chai imetoka jikoni sasa hivi, mvuke unapanda. Mzee hakushika mkono wa kikombe. Alikikumbatia chenyewe kwa viganja vyote viwili, ametulia kabisa, anapuliza.

"Baba, chai ya moto hiyo!"

Akamnyang'anya. Kikamuunguza, akakiachia, chai ikamwagika sakafuni mpaka chini ya kabati. Wote wawili wakaitazama. Kisha Msusi akaikamata mikono ya baba yake, akaigeuza. Vidole vilikuwa na malengelenge, mapya na yaliyokauka.

"Nini hii?"

"Kidogo tu hiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Inakuja pole pole, hata haisumbui."

"Na miguu?"

Baba alivuta miguu yake chini ya kiti.

"Baba. Miguu?"

"Miguu nayo nzuri. Haiumi hata chembe. Juzi nimekanyaga msumari na wala sikujua." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesifia viatu vipya.

Msusi aliketi juu ya kitanda, juu ya lile shati. Mezani kulikuwa na saa ya mteja mmoja, mwalimu mkuu, mgongo wazi, ikisubiri. Alikuwa ameiona pale kila siku kwa majuma, na kila siku baba alisema spea bado. Spea ilikuwa hapohapo kwenye kifuniko cha chupa. Kilichokosekana ni vidole vya kuishika.

"Kwa nini husemi?" alimuuliza. "Sista anakuuliza kwa mdomo wake, vidole, ganzi, anakutajia kabisa! Kwa nini husemi?"

"Umemsahau Dereva?"

Dereva alikuwa mgonjwa mwenzake, dereva wa malori mstaafu aliyekuwa akikaa kiti cha pembeni yake kule kliniki. Huyo alilalamikia kila kitu: kiti, feni, sindano, foleni, sura ya mlinzi. Wiki moja aliwaambia miguu inamwaka moto na mifupa inamuuma usiku kucha. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na hakurudi tena.

"Walimtoa," baba alisema. "Mimi nilikuwepo. Analalamika leo, kesho hayupo. Na siwalaumu. Mtu akiniletea saa nimtengenezee, halafu kila siku yuko dukani kwangu ananung'unika, nitafanyaje? Namrudishia saa yake, aende zake."

"Wewe si saa, baba!"

"Dawa hii ndiyo inanishikilia, na nyingine hakuna, umesikia mwenyewe. Vidole nitaishi bila vidole. Ukienda kusema maneno yako pale, mimi na wewe basi."

Hakuwahi kumwambia hivyo maisha yake yote. Njiani mwenye teksi aliwasalimu, habari za asubuhi, na baba na binti wakajibu kwa pamoja, "Nzuri."

Siku hiyo Sista hakuwa peke yake chumbani. Daktari mwenyewe alikuwepo, ameegemea jokofu, na sura yake haikuwa ya kucheka. Wakuu wa utafiti walikuwa wamepiga simu. Kule hospitali nyingine wagonjwa wanaripoti ganzi, vidonda vya mdomo, uchovu, kila namna. Hapa kwao, kwa majuma sasa, hakuna hata mmoja anayeumwa chochote. "Wananiuliza kama tunapika majibu," daktari alisema. "Wagonjwa wa saratani, wote wazima kuliko mimi! Haya Sista, muulize mzee, nami nisikie."

"Habari za usingizi, mzee?"

"Nzuri."

"Za tumbo?"

"Nzuri."

"Za vidole?"

Msusi aliuma midomo. Aliwaza kiti kitupu cha Dereva. Itakuwaje kama mzee anasema kweli? Akisema, na wakamtoa, atakuwa yeye ndiye aliyemuua baba yake, kwa haya maneno mengi ya tangu utotoni. Akinyamaza, watamchoma tena, na tena, mpaka siku atakapounguza mkono wote asijue.

"Nzuri tu, tunas..."

"Nzuri gani!" Ilimtoka kabla hajaamua. "Nzuri gani, baba? Daktari, mwangalie mikono! Hawezi kufunga kifungo, hawezi kushika skrubu, anakumbatia chai ya moto kama maji ya mtungi! Kila wiki nzuri, nzuri, nzuri, nimechoka na hiyo nzuri!"

Mzee alitazama mbele kana kwamba aliyeropoka ni mtu wa chumba cha pili.

"Maneno mengi tangu utotoni," alimwambia daktari.

Daktari hakubishana na yeyote. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mzee, akaiweka mikono ya mgonjwa wake juu ya meza, viganja juu. Akachomoa kipande cha pamba. "Fumba macho, mzee wangu. Nitakugusa kidole, wewe uniambie ni kipi. Haya. Kipi?"

Fundi Saa alifumba macho. Alifikiri kidogo, kwa adabu.

"Cha kati," alisema.

Daktari alikuwa hajamgusa bado.

Hakuna aliyecheka. Sista aliondoa mkono kwenye kompyuta. Mzee alingoja kuambiwa "vizuri", hakuambiwa, akafumbua macho, akaiona pamba ikiwa bado juu kwenye mkono wa daktari. Akamtazama binti yake, naye Msusi alishindwa kuficha uso wake. Ndipo mabega ya mzee yaliposhuka.

"Nzuri," alisema pole pole. "Ila vidole vimekufa. Na nyayo. Ila usiku zinawaka, natembea nazo sakafuni mpaka alfajiri. Ila mdomoni kila kitu kina ladha ya chuma." Yakatoka yote, ila baada ya ila, na Sista akawa anaandika mbio na bado anaachwa nyuma. Alipomaliza, mzee alikunja mikono mapajani. "Haya. Sasa mtanitoa."

"Tukutoe kwa nini?"

"Dereva mlimtoa."

Daktari alijipangusa uso kwa kiganja. "Habari za mwenzako si zangu kuzisema. Lakini nisikilize vizuri: hapa hajatolewa mtu kwa sababu alisema anaumwa. Dawa ikimkataa mtu, ikawa haimfanyii kazi tena, hapo hatuna sababu ya kuendelea kumchoma. Wewe imekukubali. Ganzi tunaijua, ina utaratibu wake. Leo huchomwi. Ikitulia, tunarudi na dozi ndogo. Basi. Ndiyo hiyo tu uliyokuwa unaificha!" Sauti ilikuwa imeanza kumpanda, akaishusha. "Mzee, dawa hii tunaijaribu. Maana yake hatuijui. Wewe ndiye unayetuambia. Ukisema nzuri, atakayekuja baada yako naye tutamwambia ni nzuri, achomwe hivyohivyo."

Hilo lilimuuma mzee kuliko ganzi, ilionekana.

"Vidole vitarudi?"

"Vingine vitarudi. Vingine sikuahidi. Ungesema mvua zilipoanza, ningekuahidi zaidi."

Fundi Saa aliinua mikono yake, akaitazama mbele na nyuma, kama saa iliyoletwa na mtu mwingine. Msusi alikuwa ameshinda, na hakupata raha yoyote. Alitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Kosa ni langu pia," Sista alisema. "Nikisikia nzuri narukia swali linalofuata. Hata sisubiri hiyo ila." Alifunga kompyuta, kwa mara ya kwanza bila haraka, akageuka. "Na wewe, dada? Hujambo?"

"Sijambo," Msusi alijibu, swali halijaisha. Alikuwa keshasimama, mkoba begani, mkono wa pili unaokota mwavuli. "Twende, baba, foleni ya dawa ndefu."

Baba yake hakuinuka.

"Ila?" alimuuliza.

"Ila nini, baba? Twende."

"Kaa chini, mama. Ila?"

Alifungua mdomo amwambie aache utani, kwamba amefunga saluni, wateja wanasubiri, chai imemwagika nyumbani na sisimizi watakuwa wameshafika. Maneno mengi ya tangu utotoni, yote yakagoma. Tangu mgongo ule uvunjike alikuwa akilala kwenye mkeka mlangoni pa baba yake ili asikie akiamka, na hajamwambia mtu yeyote. Kila aliyemuuliza alimwambia nzuri. Aliketi, mkoba ukiwa bado begani.

"Ila naogopa, baba," alisema. "Naogopa kila siku."

Mzee alipeleka mkono kuutafuta wa binti yake juu ya kiti, kisha akainama akaangalia, ahakikishe kwa macho kwamba kweli ameushika.