Sare Zilizotoka kwa Baba

Niulizeni mimi, fundi cherehani: mtu aliyeondoka mtoto akijifunza kutembea, akarudi mtoto anamfikia begani, tumwite baba au mgeni?

Hakimu, mama mpole, akanituliza. "Kuwa mbali peke yake si kumtelekeza mtoto. Wapo wanaokwenda kutafuta riziki. Nataka kujua kama aliulizia hali yake, kama alituma chochote. Kama alituma, ana haki ya kumchukua."

Shemeji, suti imempwaya, akatazama viatu vyake. Nikajua hapa nimeshinda. Marehemu dada yangu aliniachia mwanawe, na mwanawe haendi popote.

Ndipo akaulizwa mtoto mwenyewe, Chiriku. Tumempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna breki.

"Baba hunitumia sare mpya kila shule zikifunguliwa," akasema kwa madaha. "Hata hii niliyovaa."

Yarabi! Sare hizo nazishona mimi, nazifunga kwenye karatasi na kusema zimetoka kwa baba yake, mtoto asijione wa kutupwa. Sijuti hata kidogo. Lakini siku hiyo wema ulinitokea puani!

Shemeji naye, hana haya, hana soni, akadakia: "Kweli kabisa, mheshimiwa. Nilikuwa natuma."

Nikasimama bila ruhusa. "Mwongo! Sare zile nashona mimi. Muulize alimpa fundi urefu gani. Nguo haishonwi kwa ndoto!"

"Kaa chini, mama," hakimu akasema, kisha akamgeukia shemeji. "Tuonyeshe kwa mkono. Sare hii uliagiza ya mtoto wa kimo gani?"

Chiriku alikuwa amekaa. Shemeji akababaika, akaweka mkono usawa wa kiuno chake. "Kama hivi."

"Simama, binti."

Chiriku akasimama. Akautazama ule mkono wa baba yake, uko chini kabisa. Kisha akainama, akapindua pindo la sketi: pindo pana, la kukunjuliwa akirefuka, kama la kila gauni nililomshonea nyumbani.

"Mama mdogo," akaniita. "Zote?"

"Zote, mwanangu." Roho iliniuma jamani.

Akajifuta machozi kwa mkono wa sare, akamgeukia hakimu.

"Nilikosea, mheshimiwa. Baba hajawahi kunitumia kitu. Naomba nibaki na anayejua kimo changu."