Theda katika Mji wa Mumewe

Theda Harms hakuwahi kubeba begi la mgongoni maishani mwake, na mtu anayeanza mambo hayo wakati magoti yameshaanza kumlalamikia lazima awe na sababu. Sababu yake ilikuwa mumewe, Onno, aliyefariki wakati wa baridi akamwachia nyumba, kuku, na swali moja. Kila mwaka, Mei ikifika, Onno alikuwa akitia nguo kwenye begi lake la turubai la kijani, lenye kiraka chekundu cha ngozi, anapanda treni kutoka pwani ya kaskazini hadi Bamberg, kusini kabisa, na kukaa huko siku chache peke yake.

"Naenda," alikuwa akisema.

"Haya," Theda alijibu.

Akirudi: "Nimerudi." "Naona." Basi, mazungumzo yameisha.

Msidhani walikuwa na ugomvi. Watu wa Frisia ya Mashariki, pwani ile ya kwao, ndivyo walivyo. Salamu yao ni neno moja fupi, asubuhi hadi usiku, na anayelisema mara mbili huonekana mpayukaji. Onno na Theda walikunywa chai yao kwa krimu na mabonge ya sukari, wakatazama mvua dirishani, wakaishi hivyo hadi nywele zikawa nyeupe. Theda hakumuuliza mumewe anafuata nini Bamberg, kwa sababu hakupenda kumchokonoa mtu aliyetulia.

Aliyemtia mdudu moyoni ni Hilke, jirani yao. Siku ile ile ya mazishi, kipande cha keki mkononi, alimsogelea na kumnong'oneza: "Mwanamume habebi begi kila mwaka kwenda kutazama makanisa, Theda. Huko kuna mtu. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Kisha akaimalizia keki yake kama mtu aliyesaidia.

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Alitaka kumwona huyo mwanamke kwa macho yake. Akishamwona angejua analia kwa ajili ya mume au kwa ajili ya mpumbavu mmoja aitwaye Theda. Mei ilipofika, alimwachia Hilke kuku, akajitwika begi la Onno, akapanda treni.

Mji ulimchanganya tangu hatua ya kwanza. Kwao ardhi imelala chini kama shuka lililonyooshwa, ukimwona mgeni anakuja unapata muda wa kuchemsha maji. Hapa njia zilipanda vilima na kushuka, na kila kilima kilijibebea kanisa lake. Mto ulijigawa mara mbili, na ukumbi wa mji ulijengwa katikati ya daraja, kana kwamba wenyeji walishindwa kukubaliana uwe ng'ambo ipi. Watu walimsalimia kwa jina la Mungu hata alipokuwa ananunua mkate tu. Theda alijibu kwa lile neno lake moja, nao wakamtazama wakidhani amepiga chafya.

Hosteli ilikuwa imejaa vijana waliompa kitanda cha chini kwa heshima na kumwita bibi. Alilala na begi miguuni, akaamka akiwa hajui chochote zaidi ya jana.

Kilichomtatiza zaidi ni macho ya watu. Mwanamume mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka la mikate aliinua fagio juu kwa furaha, akafungua mdomo, kisha akaona uso uliokuwa juu ya begi ni wa mgeni, akalishusha fagio taratibu. Theda aligeuka nyuma kutazama anayesalimiwa. Hapakuwa na mtu.

Siku iliyofuata alipita sokoni. Nyuma ya meza ya mboga alisimama mwanamke mnene, mashavu mekundu, sauti ya kuitia ng'ombe.

"Ehee! Kiraka hicho nakijua mimi! Mwenyewe yuko wapi, yule mpiga domo?"

Theda aliganda. "Nani?"

"Onno, mama! Nani mwingine? Yule asiyenyamaza hata akitafuna!"

Theda alifikiri labda kuna Onno wawili duniani wenye begi moja. "Mwaka huu haji," alisema. Neno lenyewe, lile la kifo, lilikataa kutoka.

"Haji? Anaringa, eti? Shika hizi figili, mpelekee. Mwambie Rettl amemkasirikia, amekasirika kweli kweli!" Akacheka hadi meza ikatikisika. Kisha akamkazia macho. "Na wewe ni nani wake?"

Theda aliondoka bila kujibu, adabu zote zimemwisha, huku Rettl akimpigia kelele mgongoni: "Alhamisi, baa kwa Kuni! Meza ile ile! Hata kama yeye haji, njoo wewe!"

Alikaa kando ya mto. Basi ndiye huyo. Rettl. Mnene, mchangamfu, mdomo wazi. Lakini mpiga domo? Asiyenyamaza? Huyo hakuwa Onno wake. Onno wake aliwahi kukatika kidole kwa shoka, akaingia jikoni, akasema, "Kitambaa." Alijaribu kumweka mume huyo karibu na maneno ya Rettl, vikakataa kukaa pamoja. Njaa ilipombana akala figili ya mwizi wa mumewe, na ilikuwa tamu, jambo lililomchukiza zaidi.

Alhamisi alikwenda. Mguu mmoja ulitaka kurudi kituo cha treni, lakini alijikaza kisabuni, akauliza njia, akaingia kwenye baa yenye dari nyeusi kwa moshi. Mhudumu, mama wa makamo aliyeshika vikombe vya bia vingi kuliko vidole vyake, alitazama begi na kumwonyesha kwa kidevu meza ya duara pembeni.

"Pale, mama."

Theda hakuwa mjinga. Hata kwao kila baa ina meza ya wenyewe, na mgeni anayejikalisha hapo huondolewa kwa macho kabla hajaondolewa kwa mdomo. "Pale ni pa wenyeji," alisema.

"Na begi hilo ni la nani kama si la mwenyeji? Kaa. Mimi ndiye Kuni. Kwangu watu hukaa ninapowakalisha."

Akaletewa bia iliyonuka moshi kama samaki wa kukaushwa. Aliinusa, akaacha mdomo wazi. Hiyo ndiyo harufu aliyoifua kwenye mashati ya Onno kila Mei, na Onno hakuvuta sigara. Kumbe ni bia tu! Alitamani kucheka, lakini hakujua kama ni wakati wa kucheka.

Mzee mmoja mwenye kucha zilizojaa udongo wa bustani alikuja, akagonga meza kwa vifundo vya vidole, akaketi. Ndiyo salamu ya meza nzima, huhitaji kupeana mikono. Kisha akaja Rettl, akagonga, akajitupa kando ya mzee na kumchukulia nyama kwenye sahani bila kuomba.

"Huyu Baptist, mume wangu," alisema akitafuna. "Nimeishi naye tangu enzi za Nuhu, na bado hajajifunza kuficha sahani."

Theda alimtazama mume, akamtazama mke. Kichwa kilimzunguka. Hawara gani huyu anayemleta mumewe mezani?

"Haya, tuambie," Baptist alisema kwa upole. "Onno ana nini?"

"Amekufa," Theda alisema. "Wakati wa baridi. Ni moyo."

Rettl aliacha kutafuna. Baptist aligonga meza tena, polepole mno, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Kuni aliweka vikombe chini, naye akagonga. Kisha Rettl akaangua kilio mdomo wazi, bila haya, nyama bado mkononi. Theda, ambaye hakulia mbele ya watu hata kaburini, aliona wivu, kisha akaona aibu kwa kuona wivu.

"Mimi ni mke wake," alisema.

"Theda?" Kuni alipiga ukelele. "Theda wa jembe?"

"Wa nini?"

"Wa jembe! Uliyemfukuza mchungaji mpya ukidhani mwizi wa pea, kumbe anamtafuta paka wake! Ukamwingiza mferejini na kanzu yake!"

"Alijuaje..." Theda alianza, kisha akakumbuka kwamba Onno alikuwepo, amesimama mlangoni siku ile, na hakusema kitu. Alimletea tu mchungaji taulo.

"Alitusimulia kila mwaka," Baptist alisema, "na kila mwaka mfereji ulizidi upana. Alikuwa anapanda juu ya kiti, anashika ufagio wa Kuni, anakuwa wewe."

"Onno? Juu ya kiti?"

"Na ile ya bata na kofia ya harusi," Rettl alisema huku anajifuta machozi. "Na ulivyomjibu mkaguzi wa maziwa. Mama, mimi nakujua wewe kuliko dada yangu! Theda kasema hivi, Theda kafanya vile. Tulimwambia, mlete basi huyo Theda wako."

Theda alishika ukingo wa meza. Alikuja kumtafuta mwanamke mwingine, akamkuta ni yeye mwenyewe. Badala ya kupoa, hasira ilimpanda hadi kooni. Yaani miaka yote hiyo wageni hawa walipewa maneno, naye akapewa mashati ya kufua!

"Kwa nini mimi hakuniambia?" alisema kwa sauti iliyowageuza watu wa meza jirani. "Hata moja! Aliniogopa? Nilimkosea nini?"

Baptist aliuzungusha mkono wake kwenye kikombe.

"Tulimuuliza hilo," alisema hatimaye. "Alisema, 'Theda wangu anapenda utulivu. Ni mwanamke wa kimya, na nyumba yake ina amani. Nikianza kupayuka mle ndani nitamharibia.' Ndiyo maana alikuwa anakuja kwetu. Alikuwa anayaleta yote huku, mama, asikuchoshe wewe."

Bia ilikuwa inapoteza povu mbele ya Theda.

Rettl aliuweka mkono wake mnene juu ya mkono wa Theda. "Na ni kweli, mama? Unapenda kimya hivyo?"

Theda alikisogeza kikombe kando.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa nangoja aanze yeye."