Jino la Generoza

Generoza alikuwa amezaa watoto saba, na wakunga wa Ntobeye walijua kwamba hapigi kelele. Ndiyo maana mumewe, Audax, alipomkuta akijigonga kichwa kwenye mgomba, alishtuka kweli kweli.

"Mama Deodata, nilete koleo nikung'oe jino hilo?"

"Niguse uone!"

Shavu lilikuwa limevimba hadi chini ya taya. Tumbaku haikufaa kitu, wala maji ya chumvi. Akilala, jino lilidunda kama ngoma. Asubuhi hiyo hata kumeza mate kukamshinda. Wakashika njia ya zahanati.

Mganga Methusela, kijana mpole, alimmulika kinywani kwa tochi, akampapasa chini ya taya.

"Mwanangu," Generoza alisema kwa shida, "nimezaa saba. Kijino hiki kinanishindaje?"

"Mama, kidole kikivimba ngozi hutanuka. Lakini ndani ya jino mna kinofu chenye mshipa wa fahamu, na kimezungukwa na ukuta mgumu. Kikivimba hakina pa kwenda, kinaubana mshipa. Ukilala, damu inazidi kujaa kichwani. Uchungu wa uzazi huja ukapumzika. Huu haukupi nafasi." Akazima tochi. "Sasa usaha unashuka shingoni. Ukifika kooni utakukaba pumzi. Litoke leo. Ila ganzi sina, tangu vita vianze yote imepelekwa kwa askari mpakani."

"Twende hospitali ya wilaya," Audax akasema.

"Kwa gari gani, mzee? Yote yamechukuliwa na jeshi."

Audax akamtazama mkewe. Generoza akashika kingo za kiti.

"Ng'oa."

Audax alimkumbatia kichwa kwa nyuma. Koleo liliteleza mara ya kwanza. Mara ya pili likakamata, Methusela akatikisa, mfupa ukalia, na Generoza akapiga yowe ambalo hakuwahi kulipiga maishani mwake. Jino likatoka, usaha ukafuata. Alitema, akavuta pumzi ndefu. Ule mdundo ulikuwa umekwisha.

Methusela alimchoma sindano ya penisilini. Walipotoka nje, benchi lilikuwa tupu. Wagonjwa waliposikia yowe walidhani adui amevuka mpaka, wakatawanyika. Viatu vya mtu vilibaki mlangoni.

"Wamefika?" sauti ya kizee ikauliza kutoka ndani ya shamba la kahawa.

"Hapana, bibi, ni mke wangu!" Audax akajibu, akaenda kuwarudisha mmoja mmoja.

Generoza alijilaza kwenye benchi. Aliporudi, Audax alimkuta anakoroma.